Hodi ya Tatu

Kabla hapajawa mji palikuwa na pori, na kabla pori halijajibu palikuwa na mtu aliyelipigia hodi. Ndivyo ilivyosemwa na waliosema. Alikuwa mwanamke, si mtoto si mtu mzima, ameshika kigae chenye kaa la moto lililofunikwa majivu. Hakuona nyumba, wala moshi, wala hakusikia jogoo. Lakini alisimama pale kwenye vumbi jekundu akaita kama mtu aliyefika kizingitini: Hodi. Pori kimya. Akaita tena, kimya. Akaita ya tatu, na ya tatu ndiyo ya mwisho, kila aliyelelewa anajua. Ukiita tatu usiitikwe unageuka unakwenda zako bila kinyongo, maana mwenye nyumba yumo au hayumo, na yote mawili ni haki yake.

Basi alipokuwa anataka kugeuka akasikia kikohozi kidogo, kikavu, kisha sauti ya mwanamke aliyekwisha kula chumvi nyingi.

Nani?

Mimi.

Mimi nani?

Mimi niliyetumwa moto.

Karibu.

Akaingia. Akaingia wapi, wakati hapakuwa na mahali? Ila baada ya neno lile pakawa na ndani na pakawa na nje, na huo ndio mji. Mengine yote, mitaa, ghala, soko, msikiti na kanisa vilivyotazamana kama mawifi, yalikuja baadaye kujaza nafasi ambayo neno lile lilikuwa limekwisha kuichonga. Aliyeitika hakuonekana. Aliyemtuma moto yule mwanamke hakujulikana. Watu wa mji wakaishi juu ya maswali hayo mawili kama kuku aliyelalia mayai asiyoyataga, wakapata joto, wakasahau kuuliza ni mayai ya nani.

Kwa heshima ya sauti ile mji uliweka Mwitikaji. Wakati wa habari hii Mwitikaji alikuwa Bi Sijaona. Kiti chake kilikuwa mahali barabara inapoingia mjini, katikati ya ghala mbili za zamani, nyuma ya pazia nene la singa za mkonge, nyeupe, ndefu, zilizoning'inia mpaka chini kama nywele za bibi kizee aliyeinama kuosha uso. Anayekuja haonekani, anaita tu. Yeye aliye ndani haoni, anauliza tu. Watu walisema jina lake lilimjua kabla yeye hajajijua. Naye alikuwa na kikohozi, cha ujanani, alipofanya kazi kwenye chumba cha brashi ambako singa husuguliwa na vumbi lake huingia kifuani likakaa kama mpangaji.

Kazi yake ilikuwa swali moja. Mtu akisema "Mimi", na hakuna asiyesema "Mimi", yeye humuuliza "Mimi nani?", na hapo mtu huanza kuhangaika. Husema jina. Haitoshi. Husema la baba, la mama, mahali alikotoka, alichobeba, aliyemwacha akilia. Mwingine alikaa upande wa pili wa pazia kuanzia asubuhi mpaka jua likamchoma kisogo, akitafuta ni yeye nani, na alipompata akalia mwenyewe kwa furaha. Ndipo Sijaona humwambia karibu, na mahali fulani mjini, kwenye ukuta uliokuwa mzima jana, mlango hufunguka. Huo ni wa yule mtu. Atapika humo, ataoa humo, atatolewa humo kwa jeneza. Na akiondoka mjini bila kuaga, mlango hukauka. Kwanza bawaba huota kutu, kisha ubao hugeuka udongo, kisha unapita unaona ukuta tu na paka amelala chini yake.

Kwa nini swali hilo? Kwa sababu ya korona. Korona ndivyo watu wa mkonge walivyoiita mashine kubwa ya kuchakata majani, zamani sana, kabla jina hilo halijapewa maradhi. Ilikula majani ya kijani ikatapika nyuzi, na mbele yake na nyuma yake watu walisimama kuilisha na kuipangusa. Walitoka Mlimani, walitoka Ziwani, walitoka Mtoni, kila mmoja na lugha yake na namna yake ya kukata kucha. Karani wa kwanza aliwauliza kwenye tundu la dirisha: Nani? Mtu akasema Mimi. Karani akaandika Mimi. Wa pili akasema Mimi, wa tatu Mimi, mpaka karani akaitupa kalamu, akawavika shingoni vibati vya namba, wakaitwa manamba, na korona ikawala majina kama ilivyokula majani. Kwa hiyo jioni, wakirudi kutoka shambani, mwanamke mmoja hukaa njiani akawauliza upya, mmoja mmoja, Mimi nani, mpaka kila mtu aingie nyumbani akiwa na jina lake. Mji uliishi hivyo. Mchana unapoteza, jioni unarudishiwa.

Na kamba zao zilifunga dunia. Meli usizozijua zilifungwa gatini kwa kamba za mji ule. Ng'ombe wa watu wa mbali, magunia ya watu wa mbali, hata wafungwa wa watu wa mbali, vyote vilishikiliwa na mikono iliyokuwa imelala usingizi katika mitaa ile midogo. Sijaona alikuwa akifikiri juu ya jambo hilo akaumwa na kichwa: kwamba mtu anaweza kusokota kitu kizuri, kwa uaminifu, asijue kitamfunga nani.

Watu wa Ziwani na watu wa Mlimani walikuwa watani. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akabeba sufuria na nyama yake, ukabaki kucheka. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe. Na siku ya msiba ndiye anayeshika jembe, anakuchimbia, kisha analala kaburini anakataa kutoka mpaka apewe kitu, na waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka na machozi bado yapo. Sijaona alikuwa wa Ziwani. Alipomzika mumewe, aliyelala kaburini alikuwa Kasembe wa Mlimani, akidai ubwabwa wa nazi.

Siku moja korona ilinyamaza katikati ya jani. Nusu ya jani ilikuwa singa, nusu bado kijani. Dunia, walisema, imepata kamba nyingine, inang'aa, haiozi, haitoki kwenye jani la mtu yeyote. Watu walisimama wakasikiliza ukimya kama unavyosikiliza mtu aliyeacha kukoroma ghafla, ukaogopa. Na siku hiyohiyo, kama vile mioto yote ilikuwa watoto wa mashine ile, majiko yakazimika. Sijaona akamwambia binti yake, aliyeitwa Sihaba:

"Mwanangu, hebu chukua kigae ukaombe moto kwa jirani."

Sihaba akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Narudi sasa hivi, mama."

Jirani hakuwa na moto. Wa pili hakuwa nao. Mama akiwa kitini pake akazisikia nyayo za mwanawe zikipita kando ya pazia, zikitoka nje, nyepesi, za mtu asiyekwenda mbali.

Ile "sasa hivi" yake haijaisha. Ilitanuka. Waliokuwa watoto waliota ndevu ndani yake. Wengi walioondoka mjini waliondoka ndani yake, kimyakimya, bila kuaga, na milango ikakauka mtaa baada ya mtaa. Soko lilifika mahali kanga moja ya maua ya buluu ikawa inauzwa na kila mwanamke kwa mwenzake, asubuhi ya huyu, adhuhuri ya yule, jioni inarudi kwa wa kwanza imepauka kidogo, na wote wanasema leo tumefanya biashara. Viberiti vilifika. Sijaona hakukubali jiko lake liwashwe kwa kiberiti. Alikula kwa Bi Tunu, muuza viazi, aliyeweka karai lake pembeni ya pazia na kumpa vilivyovunjika.

"Wewe mwanamke utakufa na baridi ya jiko," Bi Tunu humwambia.

"Jiko lina moto wake. Uko njiani."

"Njia gani hiyo isiyo na mwisho?"

"Amesema sasa hivi."

Na Kasembe, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti wa mji na amepata tumbo la uenyekiti, akipita humtania: "Mtani, binti yako ameona mji huu umemchosha, ameenda kuanzisha mwingine!" Nao hucheka. Sijaona alicheka kuliko wote. Lakini masikio yake hayakucheka. Yalibaki nje ya pazia, kwenye vumbi, yakingoja hodi moja. Aliijua itakavyokuwa. Alishaiitikia kichwani mpaka imechakaa. Kitu kimoja tu alikiogopa duniani, kwamba hodi ile ije siku ambayo yeye hayupo kitini.

Siku moja Kasembe akaja mchana, amevaa koti.

"Hodi hapa penye kikongwe!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi mwenye mji."

"Mwenye mji havai koti la kuazima. Sema jina lako, wewe wa Mlimani, mlaji wa magimbi mabichi."

"Kasembe mwana wa Luhende, niliyezaliwa siku ya mvua ya mawe, mume wako mtarajiwa."

"Karibu. Ila mume nilishazika, na wewe ulimlalia kaburini."

"Na ubwabwa wangu sijaupata mpaka leo!"

Bi Tunu aliangua kicheko, akajifuta macho kwa mkono wenye mafuta. Kasembe akapenya kwenye singa, akasimama mbele ya Sijaona, akatabasamu kama mtu mwenye mfupa kooni.

"Nimekuja na habari, mtani. Karibu yako tumeigawa."

"Mmemgawia nani?"

"Kibao. Cha bati, kirefu kuliko ghala. Kimeandikwa karibu kwa rangi nyekundu. Kitakaribisha mchana kutwa, hakikohoi, hakisinzii, hakiombi watu viazi."

"Alaa! Chukueni basi. Chukueni na kiti. Kikohozi nacho kifungeni kwenye karatasi, kuna wengi huko Mlimani hawana hata cha kukohoa. Na meno haya mawili yaliyobaki, chukueni, mtamtafunia mkeo."

"Umesikia, Bi Tunu? Kasema tuchukue."

"Nimesikia kwa masikio yangu!" Bi Tunu akasema, bado anacheka. "Kasema na meno!"

Kasembe akaondoka akacheka peke yake njiani, kisha akaacha kucheka. Alikwenda nje ya mji kukileta kibao. Aliporudi nacho, yeye mbele, wanaume nyuma yake, walikuwa wamekwisha kukiinua juu ya vichwa, na walipofika penye pazia hakuita. Aitie nini, na karibu hiyo hapo juu yake imeandikwa? Akapita. Ilikuwa mara ya kwanza tangu pori lijibu kwamba mtu wa mji ule ameingia bila hodi. Singa zilimgusa usoni zikaachana.

"Mtani," Sijaona akamwambia, "unatania mpaka kwenye kiti changu?"

"Si ulisema tuchukue? Shahidi huyu hapa."

Sijaona akamtazama Bi Tunu. Bi Tunu alikishika kijiko chake cha kugeuzia viazi kama mtu aliyeshikwa nacho ugoni.

"Mimi nilidhani ni utani," akasema.

"Ulikuwa utani," Kasembe akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya huruma. "Wallahi mtani, mdomoni mwangu ulikuwa utani. Ila wenye bati, hao waliotupa kibao, hawana utani na mtu yeyote. Wao wakisikia chukua, wanachukua. Na mimi nifanye nini? Mji unakufa. Watu wakiona kibao watakuja. Wakija, labda korona nayo itaamka. Wewe swali lako linawachosha watu."

Wakakata singa kwa mapanga. Zikaanguka, zikapelekwa kujaza magodoro. Na Sijaona, ambaye maisha yake yote alikuwa amesikia barabara, akaiona. Ilikuwa nyembamba kuliko sauti zake.

Walikuja kweli. Hilo lazima lisemwe. Walikuja wengi, wakiinua macho kusoma, wakashusha macho, wakapita. Wala hawakuwa wabaya, na hilo ndilo lililomkosesha Sijaona usingizi. Angeweza kuwachukia wabaya. Hawa walikuwa na nyuso laini kama sabuni iliyotumika. Walifungua vibanda vya kuuza vitu vya aina moja, wakazungumza kwa adabu ya kibanda. Lakini hakuna mlango uliofunguka kwa ajili yao. Ukuta ulikuwa unangoja kuambiwa ni nani, na hakuna aliyeuambia. Basi wakawa wanasimama barazani, wanaegemea, wanangoja, na mji ukajaa watu kama vile chumba kinavyojaa moshi, umejaa na hakuna ulichokishika.

Kisha ugonjwa ule ukaingia ndani. Bi Tunu alisikia hodi mlangoni kwake.

"Nani?"

"Mimi."

"Haya pita," akasema, mikono iko kwenye unga. Akapita mtu, akala, akalala, akaamka, akaitwa baba, na baada ya muda Bi Tunu akamnong'oneza Sijaona, "Hivi yule ni mume wangu, au ni mtu tu aliyesema mimi?"

Sijaona alikaa pale pale, kiti kimechukuliwa, kwenye jiwe. Chini ya kibao palikuwa na kivuli cha herufi, akawa anakaa ndani ya kivuli cha herufi moja, ile ya mwisho, yenye mdomo wazi. Akafikiri. Mawazo yake yalikuwa hayaji kwa mstari.

Mimi. Lirudie. Mimi mimi mimi. Linakuwa kama maji kwenye kibuyu. Ni neno dogo kuliko yote na watu wote wanaingia ndani yake, wezi na mitume. Mtu peke yake nyikani ni mimi wa nani? Mbuzi hasemi mimi, na yupo. Au hayupo. Mtoto akizaliwa halii jina, analia tu, ni sisi tunaouliza, huyu nani, na tukishauliza ndipo anapokuwa mtu. Basi mtu yupo kabla hajaulizwa? Nami nani aliniuliza? Niliuliza mji mzima, mji haukuniuliza. Na aliyeuliza wa kwanza kabisa, yule wa porini, aliulizwa na nani, aliketi wapi, kwa nini alikuwa na kikohozi?

Alipofika kwenye kikohozi alisita. Akaliacha wazo hilo, kama unavyokiacha chungu cha moto.

Ndipo mchana mmoja, jua likiwa utosini na wenye vibanda wamejificha, akasikia. Haikuwa mbali. Ilikuwa nyuma kidogo ya pale bati linapoishia.

"Hodi."

Sijaona akasimama.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi, mama."

Lakini kila mtu humwita mwanamke mzee mama. Neno hilo halikuthibitisha kitu. Bati likapigwa na upepo, likanguruma, likameza yaliyofuata. Sijaona akajikuta amevuka ule mstari ambao Mwitikaji havuki, akatoka nje, akaita, "Sihaba! Nimekusikia! Simama hapo hapo!"

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mkonge, mistari kwa mistari, umeachwa, kila mmoja umeota mlingoti wake mrefu wa uzee. Akaingia katikati ya mistari. Majani yakamchoma mapaja kupitia kanga. Na kule ndani, kivulini, akawaona wameketi.

Walikuwa wengi. Walikuwa na mizigo yao magotini, wametulia kama watu wanaongoja daktari. Wengine alizijua sauti zao kabla ya nyuso, walipomsalimia shikamoo. Walikuwa ndio walioondoka.

"Mnafanya nini huku juani?"

"Tulirudi, Bi Sijaona," akasema mmoja. "Tukapiga hodi."

"Kibao kinasema karibu. Hamkukiona?"

"Tulikiona. Lakini kinasema hata kabla hujaita. Tukaita tatu, hakuna aliyetuuliza. Tukageuka. Tungefanyaje, tuingie nyumba ya watu kama mbwa?"

Sijaona akashika kichwa. Bati lina mdomo, halina sikio. Wenye adabu wote walikuwa wameketi nje, na mji ulikuwa unajazwa na wale ambao hawakuona haja ya kuita. Akawa anapita anawatazama mmoja mmoja, anatafuta kanga anayoijua, akafika kwa mwanamume aliyekaa peke yake, hana tumbo, hana koti, anachora vumbi kwa kijiti.

"Kasembe?"

"Shikamoo, mtani."

"Wewe si uko ndani? Asubuhi nimekuona unagombana na mafundi."

"Aliye ndani alipita," Kasembe akasema bila kuinua macho. "Siku tuliyoleta kibao. Mimi nilisimama nikapiga hodi. Ulikuwa unamtazama yeye."

Utani wote ulimtoka Sijaona. Akamuuliza lile moja alilokuwa nalo.

"Sihaba umemwona?"

"Alikuwa hapa sasa hivi."

"Sasa hivi ipi, Kasembe? Usinitanie."

"Sitanii. Sasa hivi tu. Na kigae chake. Ameita mara mbili pale penye bati. Ya tatu amekataa kuiita. Amesema hiyo ndiyo iliyobaki, ataiita mahali penye masikio."

Basi Sijaona akarudi kwa haraka ya kizee, mguu mmoja ukibishana na mwenzake. Alijua la kufanya. Angeufanya mji uitike. Mtu mmoja tu ndani aulize Nani, kwa nia, akingoja jibu, na Sihaba popote alipo atasikia kwamba masikio yapo. Akasimama chini ya kibao, upande wa nje, mahali ambapo hakuwahi kusimama, akaita kama wanavyoita wageni:

"Hodi!"

Wenye vibanda wakamtazama. Mmoja akamwonyesha kibao kwa kidole, kwa upole.

"Hodi!"

Kasembe wa ndani akatoka barazani, koti mkononi.

"Mtani, jua limekupiga? Pita! Soma kibao!"

"Kibao hakijaniuliza."

"Kikuulize nini? Mji mzima unakujua!"

"Niulize basi."

"Pita bwana, unatuaibisha mbele ya wageni." Akacheka, akawatazama watu wacheke naye. Bi Tunu alikuwa nyuma yake, amefunga mdomo kwa pembe ya kanga.

Hapakuwa na mlango wa kumzuia. Hatua chache tu na angekuwa kwake, kwenye jiwe lake, karibu na karai la viazi. Lakini alikuwa amekwisha kumwona Kasembe mwingine kule juani. Alijua akipita hivi hivi ataingia nani na atabaki nje nani, na ni yupi kati ya hao wawili mwenye masikio ya kumsikia mwanawe. Hodi ya tatu ilikuwa tayari ulimini. Akaishika hapo hapo kwa meno yake mawili. Na badala yake likamtoka lile swali la maisha yake, ila sasa lilielekea upande ambao halijawahi kuelekea.

"Nani?" akauliza, akiutazama mji.

Wenye vibanda wakatazamana.

"Nauliza, humo ndani nani?"

"Mimi," Kasembe akasema, akiendelea kucheka kidogo.

"Mimi nani?"

Akafungua mdomo. Tabasamu lilikuwa bado lipo, limesahauliwa usoni. "Mimi..." akasema. Akatazama koti lake kama kwamba limeandikwa. "Mimi, si huyu... mimi..." Bi Tunu akamshika mkono. "Sema basi! Mvua ya mawe! Sema mwana wa nani!" Lakini hakumkumbuka wa kumtaja, na nyuma yake, ukutani, mlango wake ulianza kuota kutu kwenye bawaba.

Sijaona akangoja kama alivyozoea kungoja, kwa subira yote aliyokuwa nayo. Kisha akageuka bila kinyongo, akaondoka.

Alitembea mpaka mkonge ukaisha. Alitembea mpaka mlingoti wa mwisho ukawa kama unyasi nyuma yake, na mbele hapakuwa na kitu isipokuwa vumbi jekundu na pori. Akachoka. Akatandika kanga yake chini, akakaa, mgongo kwa mji. Hapakuwa na nyumba, wala moshi, wala hakusikia jogoo. Hajui alikaa muda gani. Jua lilikuwa halisogei, au lilikuwa limesogea na kurudi.

"Hodi," ikasikika, mahali kwenye mng'aro wa joto.

Kifua kilimjaa, na nyuzi zote za chumba cha brashi zikaamka kooni.

"Hodi."

Jibu, alijiambia, jibu, mwanamke. Lakini sauti haikutoka, vumbi lilikuwa limeziba.

"Hodi," ya tatu, ndogo, ya mtu ambaye tayari amegeuza bega.

Sijaona akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi niliyetumwa moto."

Alijua sasa anaitikia nini na kitaota nini mahali hapa, ghala, mashine, vibati vya namba, bati, vyote. Aliviona kama mtu anavyouona mwili wake mwenyewe kwenye kisima. Angeweza kunyamaza. Yule angegeuka, angekwenda zake, na hakuna kitu chochote kati ya hivyo kingekuwa.

"Karibu," akasema. "Karibu, mwanangu."

Sihaba akaja kwenye mng'aro, kanga imefungwa kiunoni vizuri, mguu mwepesi, umri ule ule. Akachuchumaa. Akaweka kigae katikati yao.

"Mbona umekawia hivi?" mama akamuuliza.

"Nimekawia? Si umenituma sasa hivi?"

Majivu yalikuwa meupe, yametulia, huwezi kujua yamefunika nini. Kwa mbali, nyuma ya mkonge, upepo ulileta sauti ya mwanamume akisema mimi, mimi, mimi, akitafuta. Sijaona akaikusanya kanga, akainama juu ya kigae, akapuliza.